Kura ya Cucu na Bibi Harusi wa Trekta

Sawa, nitawaambia, lakini mniahidi mtacheka mara moja halafu mnyamaze. Tangu nirudi hapa Kinoru, mjini Meru, sijaosha gari na amani. Mmoja akipita anauliza, "Mutuma, bibi harusi ameshashuka kwa trekta?" Mwingine anauliza ile kanga nitampea nani. Na nyinyi wote mmesikia nusu, na hiyo nusu imetoka kwa mama yangu, ambaye akisimulia kitu lazima akae upande wa kushinda. Kwa hivyo wacha niweke yote hapa, kutoka Timau mpaka Siakago. Mimi ndio mjinga ndani yake. Nimekubali. Tuendelee.

Mnajua watu wa uchaguzi walipata wageni. Kuna nchi kadhaa zimeelewana zitembeleane, kila mtu aone vile mwenzake anafanya: huyu anahesabu kura aje, yule anaandikisha watu aje, mwingine masanduku anayafungia wapi. Wa kwetu walikuja wazunguke Timau, mji wa Meru, halafu washuke Embu mpaka Siakago. Magari yakakodiwa na yangu ikawa moja. Vile niliipata hiyo kazi ni mambo ya karatasi, mtalala.

Kitu moja tu mjue kabla nipige stati. Cucu yangu, mama ya mama, anaishi Siakago na haoni. Miaka ya nyuma alienda kupiga kura na hakukuwa na mtu wa nyumbani wa kumsaidia. Ikiwa hivyo, msimamizi wa kituo ndiye anakuwekea alama, maajenti wakiangalia. Cucu akasema jina polepole. Ajenti mmoja hakusikia vizuri, Cucu akaambiwa arudie. Akarudia kwa nguvu. Jioni soko yote ya Siakago ilikuwa inajua Cucu amepigia nani, na jirani aliyekuwa anamchotea maji akaacha hata kumsalimia. Tangu hiyo siku kitambulisho chake kinalala kwa mkebe ya majani chai. Uchaguzi ukifika anasema mguu unamuuma.

Sasa mama yangu akasikia kuna mgeni ako na kitu ya kuwawezesha wasioona wapige kura wenyewe, na wataijaribu Siakago. Usiku nikipanga nguo akaja akasimama kwa mlango.

"Umpeleke mamangu hapo. Umpeleke na aguse hiyo kitu na mkono yake."

"Na akisema mguu?"

"Mbebe."

Timau, kwa baridi

Timau asubuhi ni kama friji imeachwa wazi. Ukungu ulikuwa umekalia ngano mpaka huoni shamba inaishia wapi, na madereva tukaambiwa tungoje upungue. Tukangoja. Tukakula viazi vya kuchemsha na maganda yake. Tukangoja tena.

Hapo ndio nilikutana na mgeni wangu. Alikuwa kwa benchi ya hoteli, mzee mrefu, sweta mbili moja juu ya nyingine, fimbo nyeupe katikati ya magoti, na begi nyeusi ameikumbatia kama mtoto. Madam Kendi, afisa wa uchaguzi aliyekuwa anatuongoza, akanivuta kando.

"Huyu ni Mwalimu Nassoro, anatoka Tanzania. Haoni. Kijana wake wa kumshika mkono ameugua, tumemuacha hospitali Nanyuki. Kwa hivyo Mutuma, wewe ndio macho yake mpaka Siakago."

"Madam, haya macho nimekodishwa nayo ya kuendesha gari."

"Basi utayatumia mara mbili."

Nikaenda. Nikasema, "Niaje, mzee."

"Salama," akajibu. Akangoja kidogo. "Kwetu Singida kijana angesema shikamoo."

"Hata mimi ningesema, Mwalimu, ni vile baridi imenishika mdomo."

Akacheka. Na nataka mjue hiyo kicheko, juu ndio iliniponza. Ilianzia chini kabisa, ikapanda polepole, ikamfanya akohoe, halafu ikamuacha anapangusa macho. Mtu akicheka hivyo unataka tu umpe nyingine.

Alikuwa na adabu ya kuchelewesha chakula. Dada wa hoteli alikuja, Mwalimu akaanza, "Samahani dada yangu, kama haitakuwa usumbufu, naomba nipatiwe..." Akifika hapo dada ameshaenda meza ya tatu. Ikabidi nipige kelele, "Leta chai ya turungi moja, moto!" Ikaja mara hiyo. Mwalimu akashika kikombe na mikono miwili akasema, "Loo! Umeamrisha kama mkuu wa mkoa." Nikamwambia hapa usipoamrisha wanadhani unapima tu hewa.

Tukingoja ukungu akanionyesha kitu iko kwa begi. Kadi ngumu, imekunjwa kama jalada ya kitabu. Upande mmoja ina matundu yamepangwa kama ya vifungo vya shati, na kando ya kila tundu kuna vidoti vya kugusa: kimoja, viwili, vitatu, vinne.

"Karatasi ya kura inaingia humu," akasema. "Asiyeona anasomewa mpangilio tu: tundu la kwanza nani, la pili nani. Kisha anaachwa peke yake. Anapapasa, anaweka alama, anaichomoa karatasi, anaikunja, anaitumbukiza. Hakuna anayejua."

"Hata bibi yako hajui?"

"Hasa mke wangu."

Nikamwambia juu ya Cucu, na soko, na mkebe ya majani chai. Hakucheka. Aliuliza jina lake na nikamwambia. Akasema, "Basi tunaenda kwa huyo."

Kuteremka kuja Meru

Ukungu ukapungua kidogo, tukatoka. Magari ya wakubwa mbele, mimi nyuma.

"Kulia kuna nini?" Mwalimu akauliza.

"Ngano."

"Na kushoto?"

"Ngano."

"Mbele?"

"Lami."

Akasogeza fimbo. Halafu, na ile adabu yake: "Samahani, kijana wangu. Naomba uniongezee kidogo. Yule Idi wangu aliyebaki hospitali huniambia hata rangi ya kuku."

Sasa mimi ningefanya nini? Hakukuwa na kuku! Kulikuwa na ngano, fensi, ngano. Na mimi nilikuwa nataka ile kicheko. Nikafungua mdomo na ikatoka yenyewe.

"Ee! Mwalimu! Kuna harusi!"

"Wapi?"

"Hapa kwa shamba. Bibi harusi amepanda trekta. Gauni nyeupe mpaka imefunika gurudumu. Na kwa vile trekta iko na kiti moja, bwana harusi anakimbia nyuma na suti."

Kicheko ikaja. Yote. Mpaka akapiga dashibodi. "Anakimbia? Na viatu vya harusi?"

"Kimoja amekishika mkononi."

Basi hapo nikawa nimeanza kazi. Kufika Subuiga nilikuwa nimempa nyanya mzee anachunga mbuni amevaa sweta ya shule. Nikampa mlima, vilele vyote na theluji inawaka jua, na mlima yenyewe ilikuwa ndani ya mawingu tangu jana, hata mimi sikuwa nimeuona. Karibu na msitu nikampa mtoto wa kofia nyekundu amesimama kwa fensi anampungia mkono.

"Ananipungia mimi?"

"Wewe kabisa."

Mwalimu akashusha kioo. Baridi ikaingia kama maji. Akatoa mkono nje akapunga, akapunga, mpaka tukapita ile kona. Halafu akapandisha kioo akatabasamu peke yake.

Mimi nilicheka kimoyomoyo. Sitaki kuwadanganya na hapo.

Kinoru, kwa mama

Tukikaribia hapa kwetu gari ikaanza kuchemka. Moshi kwa boneti, sindano ya joto imelala upande wa nyekundu. Nikapigia Madam Kendi, akasema wao washafika hoteli, nishughulikie. Sasa ni nani ana gari inachemka karibu na nyumba ya mama yake na asiingie? Nikaingia, nikamwaga maji, nikamwacha Mwalimu sebuleni na mukimo.

Mukimo ilimpendeza. Aliuliza imetengenezwa na nini, mama akamwambia viazi, mahindi, majani ya malenge, akaongezewa. Nikiwa nje nawasikia wanapatana kama wamesoma pamoja, mpaka amemweleza ile kadi na matundu yake. Nikaingia na mikono ya oili nikamkuta anafungua begi.

"Mama, mwanao ana macho mazuri sana," akasema.

"Hayo macho? Hayajawahi ona sahani chafu."

"Ameniletea njia nzima. Lakini kuna jambo linanikera. Tumeipita harusi bila kuacha chochote, na kwetu hilo ni aibu." Akatoa kanga, mpya, bado ina harufu ya duka. "Nilimnunulia mwenyeji wa mwisho wa safari. Lakini naomba umfikishie yule bibi harusi wa kwenye trekta. Nyinyi ndio mnajuana na watu wa huku."

Mama akaniangalia. Nikaangalia kalenda ya ukutani, na kalenda nayo haikunisaidia.

"Harusi," mama akasema. "Leo Jumanne."

"Huku hamuoi Jumanne?"

"Mwalimu, huku Jumanne tunauza kabichi. Trekta gani? Mutuma! Trekta gani?"

Singeweza kukimbia, gari ilikuwa inachemka. Nikasema hakukuwa na harusi. Nikasema ni mimi nilitengeneza, ili acheke.

Mwalimu akashika kanga akaanza kuikunja tena. Alifuata mikunjo ya duka na vidole, mmoja mmoja, bila haraka.

"Na mbuni?"

"Hakuna mbuni."

"Na mlima?"

"Mlima uko, lakini ulikuwa umefunikwa."

Akafika mkunjo wa mwisho. "Na yule mtoto?"

Afadhali angenipiga. Mama mwenyewe alikuwa ameacha kunisimamia, amekaa.

"Hakukuwa na mtoto, Mwalimu."

"Nilimpungia," akasema. Hakusema na hasira. Alisema kama mtu amekumbuka ameacha kitu mahali. Halafu akapea mama kanga. "Kaa nayo. Siku huyu akioa kweli, umpe mkewe."

Mama aliniambia neno moja tu, jikoni kesho yake asubuhi, akinipa chupa ya chai ya njiani. "Na huyo mwongo ndio wewe nataka umpeleke mamangu akaambiwe tundu ya kwanza ni nani."

Kinoru mpaka Chuka

Asubuhi tukaondoka nimefunga mdomo kama mtu amewekwa plasta. Tukapita Nkubu, tukapita Igoji. Magari ya mbele yakaenda, sisi tukabaki na kelele ya injini. Mwalimu akavumilia, akavumilia, mwisho akaniambia:

"Dogo, jana nilikuwa nadanganywa. Leo sioni kabisa. Afadhali ipi?"

"Ukweli hauna utamu, Mwalimu. Ni migomba na nyumba za mabati."

"Naomba hiyo migomba."

Basi nikaanza. Pole pole, kama mtu anajifunza kuendesha. Nikamwambia hapa kuna mama anasugua jerikeni na mchanga. Hapa kuna kijana amelala juu ya ndizi, nadhani ni zake. Hapa kuna kinyozi, amechora kichwa ya mtu kwa ukuta na masikio yako chini sana. Mwalimu anasema "mm," anasema "haya." Hakuna kicheko, lakini nikaona mabega yameshuka, amekaa vizuri.

Na nikawa naona vitu! Hiyo barabara nimeipita miaka na sikuwahi kujua iko na kinyozi.

Halafu, tukikaribia Chogoria, Mungu akanitega. Mbele yangu kulikuwa na bodaboda. Nyuma ya bodaboda kumefungwa kochi, ya watu wawili, ya maua. Na juu ya kochi amekaa mama, mkoba kwa magoti, anaangalia nyuma kuja kwetu kama ako sebuleni anangoja wageni.

Nikapunguza mwendo.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza. "Umeacha kupumua."

"Hakuna kitu."

"Mutuma."

"Ni bodaboda imebeba kochi, Mwalimu, na kuna mama amekaa kwa kochi."

Akashusha pumzi. "Tulikubaliana."

"Haki ya mama!"

"Bibi harusi?"

"Mwalimu, haki ya mama yangu unayemjua, aliyekupa mukimo!"

Akageuza uso kwa dirisha. Sasa mimi nikasema hapana, hii haiwezi. Nikapiga honi, nikapita ile bodaboda, nikatoa mkono nikaisimamisha. Dereva wake akadhani ni askari, akaanza kutafuta kofia.

"Tulia," nikamwambia. "Kuna mgeni anataka kugusa kochi."

Mama wa kochi akaniangalia juu mpaka chini. "Kwani hajawahi ona kiti?"

"Hajawahi."

Nikamleta Mwalimu na mkono. Huyo mama alipoona fimbo akashuka mwenyewe. Mwalimu akagusa tairi ya nyuma. Akagusa kamba. Akapanda na vidole mpaka kwa kitambaa, akafuata maua, akafika kwa mahali pamekaliwa, na pakawa bado pana joto.

Kicheko ikaanza. Kutoka chini kabisa.

"Mama, samahani sana," akasema akikohoa. "Hujambo? Habari za safari?"

"Safari ni poa. Nahama. Keti tu kama unataka, usiogope, imefungwa vizuri."

Na akaketi! Mwalimu Nassoro, mgeni wa serikali, alikaa kwa kochi kando ya barabara, fimbo katikati ya magoti, magari yanapita yanapiga honi. Akaniambia, "Hebu niambie, nani wananiangalia?"

Nikaangalia kabisa kabla ya kusema. "Mwenye boda. Mama mwenye kochi. Ng'ombe moja. Na kuna mtoto, ng'ambo ya barabara, ako na sare ya shule, anakupungia mkono. Mwalimu, huyu ni wa kweli."

Akageuza uso upande huo. Alingoja kidogo, namuona anaamua. Halafu akainua mkono akapunga.

"Mjomba! Umekaa poa!" yule mtoto akaita.

Kutoka hapo mpaka Chuka Mwalimu alikuwa bado anapangusa macho.

Embu kuteremka

Tulilala Embu. Asubuhi tukianza kushuka, Mwalimu akavua sweta ya kwanza. Mbele kidogo akavua ya pili. "Umenipeleka nchi nyingine," akasema. Nikamwambia udongo sasa ni mwekundu, miti imekuwa mifupi na ina miba, kuna mbuzi wamesimama na miguu ya nyuma wanakula majani. Akauliza, "Kweli?" Nikazima injini akasikia kengele zao. Tangu hapo hakuuliza tena.

Tukachelewa, juu nilipita kwa Cucu kwanza. Nilimkuta amekaa mlangoni, amevaa vizuri, leso kwa kichwa. Nikajua amekubali. Halafu akasema:

"Mutuma, mguu unaniuma."

Nikaanza kumwinamia nimbebe kama nilivyoagizwa, akanichapa mgongo. Mwalimu akashuka, akapapasa mpaka kwa sauti yake. "Shikamoo, bibi," akasema, na yeye mwenyewe ana mvi.

Cucu akashangaa hiyo salamu. Hajawahi kuipata. "Nijibu nini?"

"Unasema marahaba."

"Marahaba," Cucu akasema, akionja. "Huyu ni nani amefundishwa hivi? Na wewe, mjukuu wangu, kwa nini hujawahi?" Akanyoosha mkono. Mwalimu akaushika. Sasa nikawa nawaongoza wawili kwa gari, na kila mmoja anaambia mwingine achunge kichwa.

Siakago

Watu walikuwa wamejaa holi ya kanisa. Madam Kendi alikuwa amekataza vyama na majina ya wanasiasa, kwa hivyo wagombea walikuwa vyakula: mukimo, kabichi, chapati na muthokoi. Na msidhani ni mchezo. Kwa jaribio la Timau, siku kabla nimpakie Mwalimu, chapati ilikuwa imeshinda bila kampeni, kabichi ikapata yai, sufuri kabisa. Lakini Siakago ni nyumbani kwa muthokoi, ile mahindi ya kutwangwa ikatoka maganda, na wazee walikuwa wanasema wakishindwa na chapati wataenda kortini. Mzee mmoja akaambia wageni chapati ni mradi wa watu wa mjini.

Wale wasioona wakaitwa. Walikuwa wachache, na wote waligusa kadi, na wote wakageukia Cucu. Naona kila mtu alikuwa anajua ile hadithi ya soko. Yeye akifanya, wangefanya. Yeye akikataa, Mwalimu angerudisha begi lake Singida.

Cucu akagusa matundu, akagusa vidoti, akahesabu kwa midomo. Akauliza, "Na tundu ya kwanza ni nani?"

"Utasomewa na afisa," Madam Kendi akasema.

"Nitajuaje amesoma vile imeandikwa?"

Mwalimu akajibu, "Ni kweli, bibi. Hapo tu ndipo kadi yangu haifiki. Lazima uchague mtu mmoja umwamini."

"Niko na mjukuu hapa. Lakini huyu," na akaninyooshea kidole, sawa kabisa mahali nimesimama, "huyu alikuwa ananiambia paka wetu ameolewa. Mwalimu, wewe umesafiri na yeye. Anaaminika?"

Sijawahi kusimama kortini, lakini sasa najua vile inakaa. Nilifikiria ile kanga. Nilifikiria mkono umetolewa nje kwa dirisha, kwa baridi yote ile, unapungia ngano.

Mwalimu hakuharakisha.

"Kutoka Timau mpaka Kinoru, hapana," akasema. "Kutoka Kinoru mpaka hapa, ndiyo."

Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Cucu hakucheka. Alifikiria, halafu akasema, "Hiyo ya mwisho inatosha. Soma."

Nikashika karatasi na mikono miwili. Nilisoma darasa la nane na nikatoka, na sijawahi kusoma kitu polepole hivyo. "Tundu ya kwanza, mukimo. Ya pili, kabichi. Ya tatu, chapati. Ya nne, muthokoi."

"Tena. Anza chini."

"Ya nne muthokoi. Ya tatu chapati. Ya pili kabichi. Ya kwanza mukimo."

"Sasa toka."

Nikatoka. Sote tukarudi nyuma. Cucu akabaki peke yake kwa meza, na kisanduku cha kuficha mkono kimemzunguka. Alikaa. Mzee wa muthokoi akaanza kukohoa. Mtu akanong'ona labda amekwama, asaidiwe, na Mwalimu akasema kwa sauti sijawahi kusikia kwake, bila samahani na bila naomba: "Mwacheni!"

Mwisho Cucu akatoka. Karatasi ilikuwa imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama kitufe. Hakutaka mkono wa mtu. Akapapasa sanduku, akapata mdomo wake, akatumbukiza, akaweka kiganja juu kama anafunika sufuria. Halafu akanyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Na wino?"

Madam Kendi akasema hii ni ya kujaribu tu, hawakubeba wino.

"Sasa nitaonyesha nini huko soko?"

Madam Kendi alimwangalia. Halafu akatoa kalamu yake nene ya kuandika kwa ubao, akainama akampaka kidole vizuri, mpaka kwa ukucha. Cucu akakinusa. Akakishikilia hewani hivyo, mbali na leso isipakazwe, na wale wengine wasioona wakapanga laini nyuma yake.

Muthokoi ilishinda, msijali, hakuna aliyeenda kortini. Lakini kukapatikana kura moja ya kabichi. Moja! Wazee walitaka ihesabiwe tena. Waliangaliana, wakashuku pasta wa kanisa, wakashuku hata Madam Kendi. Cucu alikuwa amekaa kando ya Mwalimu, anakunywa soda, mtulivu kama picha.

Mwalimu aliondoka na gari kubwa hiyo alasiri. Alinishika bega akasema, "Idi akipona nitamwambia lile kochi la yule mama nimelikalia mimi mwenyewe." Akainama akaingia, na kioo ikashuka, na mkono ukatoka nje. Nikapunga. Halafu nikakumbuka, nikapiga kelele, "Mwalimu, napunga!"

"Najua!" akaita.

Jioni nikabaki kwa Cucu. Alikuwa anakoroga chungu na ule mkono wenye kidole cheusi. Nikajaribu njia zote. Nikamuuliza chapati za Siakago zikoje. Nikamuuliza kama mukimo ya mama inamfikia. Nikamwambia, pole pole, kwamba kabichi si mbaya ikikaangwa vizuri. Akawa ananijibu habari za mbuzi. Basi nikanyamaza, nikanyoosha shingo, nikachungulia kwa chungu.

"Mutuma," akasema bila kugeuka. "Nimekusikia umenyamaza. Hiyo ni muthokoi, na nimeipika kwa vile ndio iko kwa nyumba. Kula, na usidhani umejua kitu."